Kabla ya kuamini kura ya maoni, watafute wasioamua

Kazi yangu ni kutunga madodoso na kuchambua majibu yake. Kila msimu wa uchaguzi watu huniuliza kama kura za maoni hupikwa. Wapo wanaobuni majibu, lakini mwenye nia ya kuyumbisha mawazo ya watu hana haja ya kufika huko. Anaweza kuhoji watu halisi, akahesabu sawasawa, na bado akatupeleka anakotaka.

Chukua Kenya, Agosti 2022. Wiki moja kabla ya uchaguzi wa rais, kampuni ya utafiti ya Ipsos ilimpa Raila Odinga 47% na William Ruto 41%. Jumla ni 88. Zile 12 zilizobaki ni wagombea wengine, wasioamua na waliokataa kujibu, na ni mara mbili ya pengo la wagombea wawili wakuu. Kilichoenea mitaani ni zile pointi 6 tu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipotangaza matokeo, Ruto alikuwa na 50.49% na Raila 48.85%.

Silaumu kampuni hapo. Nalaumu namna tulivyosomeshwa namba zake. Hebu waondoe hao 12 kwenye hesabu, ugawe upya kwa 88: Raila anapanda hadi 53, Ruto karibu 47. Mgombea ambaye hakuwa amefika nusu sasa amevuka kizingiti cha ushindi cha 50% na kura moja, na hakuna mhojiwa hata mmoja aliyebadili mawazo. Ukiona asilimia za wagombea wawili zinakaribia 100, uliza wasioamua wamepelekwa wapi.

Swali nalo lina nguvu zake. "Ungempigia nani kura leo?" ni tofauti kabisa na "Unadhani nani atashinda?" Hili la pili linapima uvumi: mtu anajibu alichosikia redioni au kwenye matatu, kisha jibu lake linarudi redioni kama utafiti. Wafadhili wanahamia kwa anayeonekana kuongoza, wanasiasa wanakimbilia tiketi za chama chake. Na akishindwa, wafuasi wake tayari wana namba ya kuwaaminisha kwamba wameibiwa. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inataka mchapishaji ataje mfadhili, idadi ya waliohojiwa, maswali yenyewe na kiwango cha makosa, na inakataza kuchapisha siku 5 kabla ya uchaguzi. Ni sheria nzuri, ila picha inayozunguka WhatsApp haibebi hayo. Sampuli ya watu 2,000 ina makosa ya takriban pointi 2 juu au chini kitaifa. Kaunti yenye wahojiwa 100 kati yao ina takriban 10. Hata hivyo utaambiwa fulani "ameteka" kaunti hiyo kwa pointi 7.

Lakini kuzima tafiti ni kuyumbisha maoni vilevile. Mwaka 2018 nchini Tanzania, taasisi ya utafiti ya Twaweza ilichapisha kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka 71% hadi 55%. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ikaitaka taasisi hiyo ijieleze kuhusu kibali cha utafiti, na pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikashikiliwa. Mwaka huohuo Bunge likaibana Sheria ya Takwimu, ikaja kulegezwa 2019. Utafiti ule ulikuwa na mbinu zilizowekwa wazi, na aliyeutilia shaka angeweza kwenda kuwahoji wananchi hao hao.