Sonona kwa wagonjwa wa saratani: mapafu si sawa na tezi dume

"Daktari, mtu ana saratani, ulitegemea acheke?" Ndugu wa wagonjwa huniuliza hivyo mara kwa mara. Ingekuwa kweli kwamba saratani yenyewe inatosha kuleta sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoachia, basi kila mgonjwa angekuwa nayo. Wengi hawana. Wanalia, wanaogopa, wanakosa usingizi siku za majibu, kisha taratibu wanajikusanya.

Utafiti ninaourejea zaidi ni wa Uskoti, uliochapishwa mwaka 2014. Wagonjwa zaidi ya 21,000 wa kliniki za saratani walijaza dodoso, na walioonyesha dalili wakahojiwa kwa kina. Sonona kamili ilikutwa kwa asilimia 13.1 ya wenye saratani ya mapafu, 10.9 ya wenye saratani za uzazi za wanawake, 9.3 ya matiti, 7.0 ya utumbo mpana, na 5.6 ya saratani za njia ya mkojo na viungo vya uzazi vya kiume. Ukikuta kwingine takwimu kubwa kuliko hizi, angalia kwanza walipimaje. Dodoso peke yake huzoa na huzuni ya kupita.

Mapafu yanaongoza, na sishangai. Mara nyingi ugonjwa hugundulika umechelewa, pumzi inabana, na aliyevuta sigara hujilaumu (wengine nao humlaumu, bila hata kuulizwa). Umri mdogo na hali ngumu ya maisha pia viliongeza hatari. Kongosho lina kisa chake: kuna wanaopata sonona hata kabla uvimbe haujagundulika, na inashukiwa kwamba kemikali za uvimbe zinafika kwenye ubongo. Asilimia ndogo ya wanaume nayo isitupumbaze, kwani dawa za kushusha homoni katika saratani ya tezi dume zinaweza kuivuruga hisia vibaya.

Tabu ni kuitambua. Uchovu, kukonda na kukosa hamu ya kula vinaweza kuletwa na saratani au dawa zake. Kwa hiyo mimi huuliza: mjukuu akija kukaa kitandani kwako, unajisikiaje? Aliyechoshwa na dawa hujibu, "Nafurahi, ila nachoka upesi." Mwenye sonona husema, "Bora asije, ataniona nilivyokuwa mzigo." Hapo naacha kuhesabu kilo.

Kinachoniudhi ni kwamba katika utafiti ule, asilimia 73 ya waliokutwa na sonona hawakuwa wakipata tiba inayofaa. Na tiba ipo. Timu hiyohiyo iliwagawa wagonjwa 500 wa saratani wenye sonona katika makundi mawili: waliopewa huduma ya pamoja ya wauguzi, madaktari wa akili na madaktari wao wa kawaida, asilimia 62 walipungukiwa dalili kwa nusu au zaidi baada ya wiki 24. Kwa waliofuata utaratibu wa kawaida, ilikuwa 17.

Dawa zenyewe tunachagua kwa makini. Anayemeza tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti, kwa mfano, simpi paroxetine, ambayo ni dawa ya sonona, maana inauzuia mwili kuigeuza tamoxifen iweze kufanya kazi yake vizuri. Usiifiche dawa yoyote unayotumia, na uliyoanzishiwa usiikatishe ghafla kabla hatujazungumza.