Mwanamume na chekechea: Norway na Ujerumani

Dhana: Ujerumani ina wanaume wengi zaidi wanaofanya kazi kwenye chekechea, kwa hiyo imeitangulia Norway.

Kwa hesabu ya vichwa ni kweli, na ndipo mtego ulipo. Ujerumani ina watu zaidi ya milioni 80, Norway milioni 5 na ushei. Ingeshangaza kama vichwa vya Norway vingezidi. Uliza badala yake: katika kila wafanyakazi 100 wa chekechea, wanaume ni wangapi? Norway ni kama 10. Ujerumani bado haijafika hapo, ingawa imepanda sana tangu miaka ya 2000, walipokuwa wanahesabika kwa vidole. Tena angalia nani kahesabiwa. Anayejumlisha wasaidizi na anayehesabu waliosomea ualimu peke yao hawatatoka na jibu moja, hata wakihesabu chekechea ileile.

Wastani wa nchi nao hufunika mengi. Hamburg na Berlin zimeshavuka asilimia 10. Jimbo la Bavaria liko chini ya wastani wa Ujerumani yenyewe. Mzazi wa Hamburg akiambiwa Wajerumani wako nyuma, ana haki ya kuguna.

Dhana: Tangu mwanzo hii ni kazi ya kike.

Aliyeanzisha chekechea na kuipa jina lake la Kijerumani, mwaka 1840, alikuwa mwanamume: Friedrich Fröbel, huko Thuringia, Ujerumani. Ni yeye pia aliyewaita wanawake waishike kazi hiyo, wakaishika kwelikweli. Nasi wa pwani tusijifanye tunashangaa: ni wangapi tuliosomeshwa alifu, bee, tee na mwanamume, chuoni, kabla hata meno ya utoto hayajang'oka?

Dhana: Tatizo ni mshahara tu. Uongezwe, watakuja.

Mshahara una uzito wake, sikatai. Ila Ujerumani kikwazo kilianza kabla ya mshahara wa kwanza. Mafunzo ya kazi hii huchukua miaka kadhaa, na kwa kawaida mwanafunzi alikuwa halipwi. Kijana wa miaka 20 anaweza kuvumilia. Baba wa watoto wawili anayetaka kubadili kazi atakula nini? Mwaka 2012 jimbo la Baden-Württemberg lilianzisha njia ya kusoma huku unafanya kazi na kulipwa, na majimbo mengine yakafuata. Huko wanaume huonekana zaidi kuliko kwenye njia ya zamani.

Norway walipitia mlango mwingine. Mwaka 1993 walitenga wiki 4 za likizo ya uzazi kwa ajili ya baba peke yake. Asipozichukua, kwa kawaida zinapotea. Baba kubeba mtoto mchana kweupe kukawa jambo la kila siku. Kisha kanuni ya 1998 ikaruhusu mwanamume apewe nafasi ya kulea au kufundisha watoto pale anapolingana sifa na mwombaji mwanamke.

Dhana: Wanaume wachunguzwe zaidi kuliko wanawake kabla ya kukabidhiwa watoto.

Nchi zote mbili hudai cheti cha polisi cha kuonyesha rekodi ya makosa kwa kila mfanyakazi, mwanamke na mwanamume.

Dhana: Basi Norway wamefaulu.

Lengo walilojiwekea lilikuwa asilimia 20. Wamefika nusu ya njia, na katika chekechea nyingi za huko mtoto bado hufundishwa na wanawake peke yao.