Kubadilisha ala si kufanya remiksi

Wiki hii nimetumiwa faili nyingine. Ni wimbo wa gemu ya Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo ya miaka ya themanini, nao naupenda mno. Aliyenitumia alichukua faili ya MIDI (maagizo ya noti tu, bila sauti yenyewe) iliyotengenezwa na mtu mwingine, akaweka fidla mahali pa sauti ya kwanza, fidla nyingine mahali pa sauti ya pili, chelo chini, ngoma za orkestra mahali pa kelele za mashine, akamwagia juu mwangwi wa ukumbi mkubwa, basi, kamaliza. Kwenye ujumbe kaandika: "Sasa wimbo umepata uhai. Hivi ndivyo mtunzi alivyotaka usikike, ila mashine za enzi zile hazikumruhusu."

Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi kupita kiasi, kutoka kwa watu wengi. Leo nayajibu kwa urefu, nikiulizwa tena niwe na mahali pa kumwelekeza mtu.

Sina ugomvi na fidla, wala na anayeanza. Kila mmoja wetu alianza kwa kubadilisha ala kwenye faili ya MIDI. Ndivyo mtu anavyojifunza programu. Ninachokataa ni ile imani kwamba ndani ya wimbo wa chipu, yaani ulioandikiwa kitoa sauti cha mashine hizo, kuna wimbo wa orkestra uliofungiwa, unangoja mkombozi aje na maktaba ya sampuli, vile vipande vya ala halisi vilivyorekodiwa. Haumo. Mtunzi aliandikia chaneli tano, yaani njia tano za sauti, na chaneli hizo tano zimeingia hadi kwenye noti zenyewe. Ukiziondoa bila kujua zilikuwa zinafanya kazi gani, unabaki na noti zisizojua zipo pale kwa nini.

Chipu yenyewe ya Famicom, kwa haraka: 2A03 ina chaneli mbili za mraba, zilizoitwa kwa umbo la wimbi lake, zenye ngazi 16 za ukubwa wa sauti na upana wa wimbi unaoweza kubadilishwa. Kuna pembetatu moja isiyo na ngazi yoyote ya sauti, ama inalia ama imenyamaza. Kuna kelele, inayoshika zamu ya ngoma, na kuna ya tano ya sampuli zilizobanwa. Hizo hizo ndizo zinazobeba milio ya mchezo. Kwenye Super Mario Bros. ya 1985, ukiruka au ukiokota sarafu, mraba mmoja unaacha muziki kwa kitambo unakwenda kutoa mlio huo, kisha unarudi. Wimbo wa namna hiyo lazima usimame hata ukinyang'anywa sauti katikati ya sentensi.

Haya, sasa twende kwenye kinachoniudhi hasa.

Nimeifungua ile faili nikatazama sauti ya pili. Noti zake ni zilezile za sauti ya kwanza, moja baada ya nyingine, ila zimechelewa fremu tisa. Dereva wa muziki, ile programu inayochezesha noti kwenye mashine hizo, kwa kawaida huamka mara 60 kwa sekunde, kila kuamka fremu moja, kwa hiyo fremu tisa ni milisekunde 150. Kwenye gemu, sauti ya kwanza inalia ngazi ya 12 na ya pili inalia ngazi ya 4, tena kimo cha noti zake kimepotoshwa kidogo sana. Ukiyaweka hayo matatu pamoja, kuchelewa, kufifia na kupotoka, unapata mwangwi. Mtunzi hakuandika fidla ya pili hata siku moja. Chipu haina kifaa cha mwangwi, basi akautengeneza kwa mkono, na gharama yake ilikuwa chaneli nzima. Alikuwa na mbili tu za kuimbia, akaitoa moja ili ile nyingine isikike kama imesimama mahali penye nafasi.

Sasa tazama kilichotokea kwenye "uhai". Aliyetengeneza ile MIDI aliipa kila noti nguvu ya 100 kati ya 127, ya kwanza na ya pili sawasawa. Kwa hiyo fidla mbili zinapiga wimbo mmoja kwa nguvu moja, na mmoja wa wapigaji amechelewa milisekunde 150 kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayemfuatisha mwenzake kwa kumtazama mikono. Juu yake ukamwagwa mwangwi wa ukumbi. Huo ni mwangwi wa mwangwi. Halafu mtu anasikiliza, anaona kuna ukungu, anadhani tatizo ni plagini, anakwenda kutafuta maktaba ya fidla kubwa zaidi.

Cha kufanya ni kuifuta sauti ya pili yote. Kazi yake ipewe kifaa cha mwangwi, ambacho leo kila programu inacho. Ukishafanya hivyo, mikono ya mpigaji wa pili imebaki mitupu, na kuna swali ambalo mtunzi hakuwahi kulijibu kwa sababu hakuwa na chaneli ya kulijibia: huyu wa pili apige nini? Aende sambamba chini ya wimbo? Amjibu mwenzake pale anapopumzika? Anyamaze hadi ubeti wa pili? Hapo ndipo remiksi inapoanza. Yote yaliyotangulia ni kuhamisha mizigo.

Lakini usifute kwa pupa. Watunzi wazuri hawakuiacha sauti ya pili iwe mwangwi wimbo mzima. Kuna mahali, labda baa mbili tu za muziki, inaacha kumfuata mwenzake na kuimba ya kwake, kisha inarudi kuwa mwangwi. Kwenye zile baa mbili mwangwi unakatika na wimbo unakusogelea ghafla, unakuwa mkavu, karibu na uso wako. Msikilizaji hajui kilichotokea ila mwili wake unajua. Ukifuta bila kusikiliza, tukio hilo umeliua, na fidla elfu haziwezi kulirudisha.

Ndiyo maana nasisitiza: kabla hujaigusa MIDI, tafuta faili ya NSF. Hiyo si rekodi. Imebeba programu na data za muziki kutoka kwenye gemu yenyewe, kwa hiyo kichezeshi kinaweza kukuzimia chaneli moja moja. Zima zote ubaki na mraba wa pili peke yake, sikiliza wimbo mzima. Kisha kelele peke yake. Kisha pembetatu. Inachukua nusu saa kwa wimbo wa dakika mbili, na sijawahi kutoka kwenye nusu saa hiyo bila kitu ambacho nilikuwa sijakisikia.

Pembetatu, ambayo kwa kawaida ndiyo besi, sitaisemea sana. Haififii, kwa hiyo besi nyingi zinakatwa fupi ili zipumue. Na mara nyingi watunzi waliitumia kama ngoma: kimo kinaporomoka ndani ya fremu chache, unapata mdundo wa tumbo la ngoma. Kwenye MIDI maporomoko hayo yanageuka noti za chelo, ndipo unaposikia chelo inayoteleza kila baada ya pigo. Zitoe, zipeleke kwenye ngoma.

Arpejio, yaani noti za kulia pamoja zinazopigwa moja baada ya nyingine, ni ngumu zaidi. Chipu ya SID ya kompyuta ya Commodore 64, ya 1982, ina sauti tatu tu. Watunzi wake, Rob Hubbard mmojawapo, walizungusha noti tatu ndani ya sauti moja kwa kasi ya mara 50 kwa sekunde, kila noti milisekunde 20, hadi sikio likaziunganisha likasikia noti tatu zikilia pamoja. Mpe mpiga kinanda noti hizo jinsi zilivyo na utapata mvua ya mawe juu ya bati. Wengi huziandika upya zilie kwa pamoja, nami hufanya hivyo, kwa sababu hiyo ndiyo maana yake. Lakini maana si yote. Kule kutetemeka kwake, ule mng'aro wa umeme, hakumo kwenye kinanda. Nimejaribu fidla za kutetemesha upinde, nimejaribu gitaa, nimejaribu kuacha sauti ya chipu yenyewe chini kabisa ya kinanda. Hilo la mwisho ndilo linalokaribia, na bado kila mara nahisi nimeibia.

Kuna wanaosema basi hayo ni ya chipu za zamani, Super Famicom, mrithi wa Famicom, ilikuwa na ala za kweli. Ilikuwa na sampuli, chaneli nane, kwenye chipu iliyobuniwa na Ken Kutaragi wa Sony, na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64. Humo mliingia programu ya kuchezesha, noti, sampuli zote, na mwangwi pia. Kila milisekunde 16 za mwangwi zilikula kilobaiti 2. Ukitaka mwangwi wa juu kabisa, milisekunde 240, umeshatoa kilobaiti 30, karibu nusu ya nyumba. Kwa hiyo fidla unayoisikia ni kipande kifupi kinachozungushwa, na mtunzi alichagua kati ya fidla ndefu na ukumbi mkubwa. Filimbi ya humo haipumui. Inaweza kushika sentensi ya sekunde 30 bila mapumziko, na wimbo umeandikwa ukitegemea hilo. Ukimpa filimbi halisi, amua wewe atapumulia wapi, na ukishaamua umebadilisha wimbo. Badilisha kwa kujua.

Halafu hakosi mtu wa kunitajia "Baba Yetu" wa Christopher Tin, uliofungulia gemu ya Civilization IV mwaka 2005 na kushinda Grammy mwaka 2011, wa kwanza kutoka kwenye gemu kuipata. Naupenda, na kuisikia sala yetu kwa Kiswahili chetu ikitoka kwenye gemu bado kunanisisimua. Lakini wimbo huo uliandikiwa waimbaji tangu mwanzo: mmoja anaita, kwaya inaitika. Jaribu kuushusha uingie kwenye sauti tatu za SID. Maneno yameondoka, anayeita na wanaoitika wanagombania chaneli, na lazima uchague nani anyamaze. Kazi ni ileile ikielekea upande wa pili, na hakuna anayedai kwamba SID ndiyo "itakayoupa uhai".

Haki za wimbo ni za wenyewe, na mpangilio mpya haukupi umiliki wake. Usiuze bila ruhusa. Tovuti ya OverClocked ReMix, iliyoanzishwa na David Lloyd mwaka 1999, inatoa remiksi zake bure, na waamuzi wake hukataa kazi iliyokaa karibu mno na asili. Wanaolalamika kwamba wamekataliwa "bila sababu" aghalabu wametuma kile nilichotumiwa mimi.

Sasa mashaka yangu, maana ninayo. Koichi Sugiyama alitunga muziki wa Dragon Quest, gemu ya Famicom, mwaka 1986, na mwaka huohuo ukatoka mkusanyo wake wa orkestra. Kwa huyo siwezi kusema hakuwaza orkestra. Naweza kusema tu kwamba hakugawa noti za chipu kwa wapigaji akaenda zake. Sauti zile chache zisingewatosha, na sehemu zao ziliandikwa. Shaka la pili linaninyima usingizi zaidi: asili ni ipi? Vichujio vya sauti vya SID ya 6581, mojawapo ya matoleo ya chipu hiyo, vinatofautiana kutoka chipu moja hadi nyingine, kwa hiyo alichosikia mtunzi chumbani kwake huenda sicho nilichosikia mimi. Ninapotetea "asili", labda natetea televisheni moja na spika yake. Na la tatu: nimewahi kuguswa hadi machozi na faili ya aina hiihii ninayoilaani, fidla zimechelewa na yote, kwa sababu tu wimbo ulikuwa ule. Sijui nifanye nini na hilo.

Faili nimeirudisha leo asubuhi. Fidla ya pili nimeifuta kutoka baa ya kwanza hadi ya nane, pale wimbo unapopanda na kukaa juu ya noti moja ndefu. Mwangwi nimeuweka milisekunde 150, chini kabisa. Nimemwandikia kwamba huyo mpigaji wa pili amekaa pale, ameshika upinde, hana noti hata moja, na baa nane zote ni zake.