Dola hamsini ni kitu kimoja: kitenzi cha Kiingereza mbele ya kiasi

Sentensi mbili za Kiingereza, "A number of families have left" na "The number of families has fallen", huonekana kama ndugu pacha machoni mwa wengi wanaojifunza lugha hiyo hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Ya kwanza inasema kwamba familia kadhaa zimeondoka, na ya pili inasema kwamba idadi ya familia imepungua. Mtu akizichanganya na kuandika "The number of families have left", msomaji hubaki njia panda, asijue kama anaelezwa habari za watu waliohama au za hesabu iliyobadilika. Katika mji ambao ripoti za mashirika ya misaada huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza na kusomwa na watu wasiowahi kufika Kivu, kosa hilo si dogo.

Katika masomo tunayoyafundisha mara kwa mara kituoni kwetu, hili la kitenzi na kiasi ndilo linalotuchosha kuliko mengine, na si kwa sababu wanaokuja kwetu wana upungufu wa akili au wa bidii. Wana lugha mbili nyingine kichwani, Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shuleni, na kila moja ina namna yake ya kuhesabu. Tangu Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, na tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hata mfanyabiashara anayevuka mpaka pale Petite Barrière kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, ameona faida ya kuongeza lugha ya tatu. Swali ni lini zile mbili za kwanza humsaidia na lini humpoteza.

Katika hilo la familia, Kiswahili humsaidia kabisa. Sisi husema "idadi ya familia imepungua" na "familia kadhaa zimeondoka", na kiambishi cha kitenzi hutueleza waziwazi kinachozungumziwa. Kwa hiyo anayesitasita mbele ya neno "number" aiseme kwanza sentensi yake kwa Kiswahili: ikija na "idadi", kitenzi cha Kiingereza kiwe cha umoja, na ikija na "kadhaa", kiwe cha wingi.

Mambo hugeuka tunapofika kwenye fedha, uzito, muda na umbali. Kwetu dola hamsini "zinatosha" na saa tatu "zimepita", yaani tunaziona dola zote hamsini na saa zote tatu. Kiingereza hukifunga kiasi kama fungu moja, kikakipa kitenzi cha umoja: "Fifty dollars is enough", "Three hours is a long time", "Two hundred kilos is a heavy load for a chukudu" (chukudu ni kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo). Mwanafunzi wetu huandika "are", na si ajabu, kwa kuwa "ni" ya Kiswahili haibadiliki katika umoja wala wingi, hivyo haikumzoesha kuchagua. Kifaransa cha vitabuni humsukuma kwenye wingi vilevile, lakini Kifaransa cha mdomoni humwokoa: anayelalamikia bei husema "Cinquante dollars, c'est trop", na hiyo "c'est" ya umoja ndiyo "is" anayoitafuta.

Hata hivyo, fungu likifunguliwa na vitu vikahesabiwa kimoja kimoja, wingi hurudi. Kila mkazi wa Goma anajua jinsi noti ya dola yenye mpasuko mdogo inavyokataliwa dukani. Akieleza kwamba noti tatu zimekataliwa, atasema "Three notes were refused", kwa maana kila noti ilitazamwa na kurudishwa peke yake. Akisema kwamba dola tatu hazitoshi kununua alichotaka, atasema "Three dollars is not enough", kwa maana hapo hakuna anayezitazama noti, bali jumla yake. Mimi huwaambia wanafunzi wajiulize kama vitu bado viko kwenye mfuko uliofungwa au vimemwagwa mezani, na swali hilo limewafaa kuliko kanuni ndefu za vitabu.

Kundi jingine ni la maneno kama "half of", "most of", "a lot of" na asilimia za kila aina. Hapa kitenzi hakikijali kiasi, bali huruka na kwenda kuitazama nomino inayofuata. Nusu ya mahindi ikioza, Kiingereza husema "Half of the maize has rotted", lakini nusu ya magunia yakiuzwa, husema "Half of the sacks have been sold", ingawa huenda ni mzigo uleule katika lori lilelile. Ugumu uko katika kujua ni nomino zipi ambazo Kiingereza hakizihesabu. Unga na mchele havisumbui, kwa sababu hata kwetu ni vya umoja. Makala yanasumbua (ninasema makala kwa maana ya huku kwetu, yaani mkaa, si maandishi kama haya), kwa kuwa sisi husema "yameisha" huku Kiingereza kikisema "Most of the charcoal has been sold". Wabaya zaidi ni "information", "luggage" na "furniture": Kiswahili huzipa wingi habari "zimefika" na mizigo "imepotea", Kifaransa nacho huziandika "informations", "bagages" na "meubles" kwa herufi ya wingi mwishoni, hata mwanafunzi aliyekubaliwa na lugha zake zote mbili haoni sababu ya kuiacha herufi hiyo. Hapa hakuna njia ya mkato isipokuwa kukariri.

Lugha zetu mbili hushirikiana kutupoteza katika umri na vipimo pia. "Nina miaka ishirini" na "J'ai vingt ans" zote hutumia kumiliki, ndiyo maana "I have twenty years" husikika kila wiki madarasani, ilhali Mwingereza husema kwamba yeye "ni" ishirini: "I am twenty". Vivyo hivyo mlima wetu wa Nyiragongo, ambao kwa Kiswahili una urefu wa mita 3,470, kwa Kiingereza "is 3,470 metres high". Gunia nalo "weighs fifty kilos", bila kiunganishi chochote kati ya kitenzi na kilo, na bila "is weighing", ambayo hutokana na mazoea yetu ya kutafsiri kila "-na-" kwa "-ing".

Kuhusu kupanda na kushuka kwa bei nitasema machache, kwa sababu Kiswahili kinatosha. Tuchukulie kwamba gunia la makala limepanda kutoka dola 20 hadi dola 25. Bei imepanda kwa dola tano, nayo "kwa" ni "by". Imepanda hadi dola 25, nayo "hadi" ni "to". Wanaoandika "increased of five dollars" wametafsiri "de" ya Kifaransa, wakaisahau lugha ya mama zao iliyokuwa na jibu tayari.

Kuna pahali, lakini, ambapo hila zangu zote huisha. Maneno "more than one" yana maana ya zaidi ya mmoja, basi kwa akili ya kawaida yangestahili kitenzi cha wingi, lakini Kiingereza hukitazama hicho "one" kilicho karibu na nomino na kukipa kitenzi cha umoja. Wanafunzi huniuliza kwa nini, na kila mara huwajibu kwa sentensi yenyewe, ambayo huwachekesha kabla ya kuwaridhisha: "More than one student has asked me that".