Kabla ya Kuushika Ulimi, Uliza Anatafuna Nini

Mtoto wa Mombasa akikutolea ulimi mwekundu kama damu, usikimbilie faili. Muulize kwanza kama amekula mabuyu. Mara nyingi amekula. Asukutue kwa maji, ndipo umulike.

Mimi ni muuguzi, na ninapompima mgonjwa, kinywa ndicho ninachokikawilia. Wenzangu wengi humulika tochi, "sema aaa", koo likaonekana, kazi ikaisha. Lakini saratani ya kinywa hupenda kuanzia ubavuni mwa ulimi na chini yake, na huko "aaa" haikufikishi. Basi meno ya bandia nayavua, navaa glavu, naushika ulimi kwa shashi na kuuvuta taratibu kushoto na kulia, kisha namwambia auinue ncha iguse kaakaa.

"Sabalkheri, bi mkubwa. Tambuu watafuna?"

"Kidogo tu, mwanangu."

Meno yalishajibu kabla yake. Simkaripii, maana akinuna hataniambia ninalolitaka: tonge hulikalisha shavu gani? Hilo ndilo naanza nalo. Vijana wa muguka, yale majani ya jamii ya miraa, nao nawauliza vivyo hivyo. Nikiona utando mweupe, naupangusa kwa shashi. Ukibanduka na kuacha wekundu, yaelekea ni fangasi. Usipobanduka, siendelei kukwaruza. Huyo namwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa meno, sawa na mwenye kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona. Popoo iliyomo kwenye tambuu nayo hukaza nyama za mashavu, kwa hiyo namwambia mtafunaji apanue kinywa atie vidole vyake 3 vikiwa vimepangana wima kati ya meno ya mbele. Visipoingia, hilo naliandika.

Pua haina mambo mengi: ziba tundu moja, avute pumzi kwa jingine, kisha ubadilishe. Mtoto anayetoka kamasi zinazonuka upande mmoja tu, shuku shanga, au mbegu ya mabuyu yale yale. Usiichokoe, utaizamisha.

Sainasi, yale mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso, nazibonyeza kwa vidole gumba, chini ya nyusi bila kugusa jicho, halafu chini ya mifupa ya mashavu, pande zote mbili nikilinganisha. Mizizi ya magego ya juu imekaribiana mno na sainasi za mashavuni. Ndiyo maana mtu aliyekuja kung'olewa jino, akiniambia magego matatu ya juu yanamuuma kwa pamoja na maumivu huzidi akiinama kusujudu, namuuliza kwanza habari za mafua yake.