Mguu wa pitot, na yule samaki aliyeogelea kinyumenyume

Wadau, niliahidi nikimaliza kufunga mguu wa pitot, yaani kishikio cha kibomba cha kupimia spidi ya ndege, nitaandika. Nimemaliza jana usiku, vidole viwili vina plasta ila bawa lipo salama. Kwa wageni: mimi fundi wa ndege, mtoto wa Tanga, naishi Ohio, na najenga RV-9A kwenye gereji ya nyumbani, ndege ya viti viwili ya aluminiamu inayokuja vipandevipande kwenye makasha. Huku Marekani sheria inakuruhusu ilimradi sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu waliojenga kwa kujifunza au kwa raha zao, ndio maana mimi na mke wangu magari yetu yanalala nje kwenye theluji na bawa linalala ndani.

Pitot ni kile kibomba kinachoelekea mbele kumeza upepo. Jina ni la Henri Pitot, injinia Mfaransa aliyepima mwendo wa maji ya mto Seine mwaka 1732. Upepo ukiingia mdomoni unasimama, presha inapanda, halafu chombo kinailinganisha na presha ya hewa tulivu inayovutwa kutoka ubavuni mwa bodi kule nyuma, na tofauti ya hizo mbili ndio spidi yako. Tofauti yenyewe ni ndogo mpaka inachekesha: kwa noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa) usawa wa bahari ni sawa na maji yenye kimo cha milimita 165. Kwa noti 60 ni kama milimita 60 tu, yaani upo karibu na kutua, na kinachokwambia bado unaruka au umeshaanza kuanguka ni presha ya maji yasiyojaza hata kikombe cha kahawa. Kiungo kikivuja kidogo unadanganywa.

Sasa unaiweka wapi? Yangu ipo bawa la kushoto, upande wa chini, nyuma kidogo tu ya mhimili mkuu (boriti inayopita urefu wa bawa), imeegemea ubavu wa bawa (kipande kinachokingama ndani yake), chumba cha jirani na kile chenye kifuniko cha ukaguzi. Ukiwa kule nje upepo wa propela haukufikii. Mhimili na ubavu vinaupa mguu pa kushikia, bati lenyewe ni jembamba, halifiki hata milimita moja, ukiubandika katikati ya bati tupu utacheza kama jino bovu. Na kile kifuniko ni kwa ajili ya mkono wako wa kesho, maana ipo siku utataka kubadilisha mpira wa presha au waya na bawa limeshafungwa. Mimi kabla ya kuchora chochote nilivaa sweta zito nikaingiza mkono kwenye lile tundu nione kama vidole vinafika, kwa sababu mkono wa kiangazi sio mkono wa Januari.

Kuna mtu huwa anauliza, chini ya bawa si hewa imevurugwa? Hapana. Hewa ikipunguza mwendo presha yake inapanda, ikiongeza inashuka, jumla inabaki ileile na pitot inapima jumla. Ila hewa iliyojikokota imegandana na bati, hiyo ndio inaharibu hesabu, kwa hiyo mguu unashuka chini kama urefu wa kiganja kuikwepa.

Mguu wenyewe ni bomba lililochomelewa kwenye sahani ya chuma. Sahani inakaa ndani ya bawa, mguu unachomoza nje, kwa hiyo kwenye bati lazima ukate tundu la umbo la mguu, na umbo lenyewe ni kama mbegu ya tikiti: upande mmoja mviringo, mwingine ncha. Mviringo unakaa MBELE. Watu wanadhani ncha ndio inatangulia kwa sababu ya mishale, lakini muangalie samaki, kichwa kinene kipo mbele, mkia mwembamba nyuma, na maji yanamsikia.

Hii habari ya samaki nilimweleza mke wangu jioni nzima. Kesho yake nimelaza bawa juu ya stendi, tumbo juu, nimebandika kiolezo cha karatasi kwa tepu, nimepiga alama mbili za senta panchi (chuma chenye ncha cha kutia kidoa kwenye bati) ili lisihame, drili ipo mkononi. Akaingia na chai, akasimama, akaangalia, akasema, "Baba Nasra, mbona huyu samaki wako anaogelea kinyumenyume?"

Nilikaa chini, sio kwa utani. Nilikuwa nimezunguka meza kufuata taa, na bawa likiwa limelala kichalichali mbele ikageuka nyuma kichwani mwangu. Fundi wa miaka kumi na nne! Zile alama mbili kwa bahati zilikuwa ndani ya mstari, zikaondoka na kipande kilichokatwa. Tangu siku hiyo naandika MBELE kwa maka nyekundu kwenye bati, na mshale, kabla ya kugusa karatasi yoyote.

Kukata sio kazi ya nguvu. Nilitoboa vitundu vya milimita 2.5 ndani ya mstari, nikapanua kwa biti ya ngazi, halafu nikasugua kwa tupa ya nusu duara kwa muda wa saa moja na nusu, unasugua mara tatu unajaribisha mguu, unasugua tena. Pale kwenye ncha usiache kona kali hata kama mguu wenyewe ni mkali, acha mviringo mdogo, maana ufa kwenye bati huanzia konani. Ukimaliza pitisha msasa laini ukingo wote mpaka kidole kisikwame (plasta ya kwanza hiyo).

Riveti (vipini vya kuunganishia bati) nilizotumia kushikisha sahani ni za kichwa bapa, milimita 2.4. Kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo wa bati acha angalau mara mbili ya unene wa riveti, karibu milimita 5, la sivyo ukingo utachanika. Bati unalibonyeza lipate kishimo cha kichwa cha riveti, ila sahani ni nene haibonyezeki, hiyo unaichimbia kishimo kwa biti yake. Usichanganye.

Mipira sasa, ile ya kupeleka presha kwenye chombo. Pitot yangu ina hita ya kuyeyusha barafu, inakula karibu ampia 10, na inawaka moto kwelikweli, kwa hiyo usiunganishe mpira wa plastiki palepale kwenye shingo yake. Niliachia kwanza bomba la aluminiamu kama futi moja ndipo plastiki ikaanza. Ina pia tundu la pili la kupima pembe ambayo bawa linapiga upepo, kwa hiyo mipira ni miwili: kijani ya spidi, bluu ya pembe, na nimeandika kila ncha, kwa sababu baada ya mwaka mmoja hutakumbuka.

Kupima uvujaji nilitumia mpira mweupe uliokunjwa umbo la U na kuungwa kwenye pitot, maji na matone ya Vimto yaonekane. Lakini kwanza ziba kile kitundu kidogo cha kutolea maji ya mvua chini ya pitot, na mdomo wa pili, kwa tepu. Kisha unasukuma hewa pole kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka tofauti ya kimo cha maji ifike milimita 165, skrini isome noti 100, unabana, unasubiri. Mara ya kwanza maji yalishuka huku nayatazama. Kiungo cha kijani kilikuwa hakijazama mpaka mwisho. Nikakisukuma kikalia tik, nikapima upya, dakika tano maji yametulia.

Mwezi Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú iliruka kutoka Lima matundu ya presha tulivu yakiwa bado yamezibwa kwa tepu ya wakati wa kuosha, wakafa watu wote 70. Kwa hiyo kabla ya kupima niliandika ubaoni: TEPU 2. Nilipomaliza nilizibandua zote mbili nikazibandika palepale juu ya ile 2, ndipo nikazima taa.