Nongo ni nini, na shingo nyeusi ina kosa gani?

Dhana: Nongo ni uchafu wowote ule.

Ukweli: Nongo ni ya mwili wa mtu. Ni uchafu wa jasho ulioshika kwenye ngozi: shingoni, nyuma ya masikio, kwenye kunjo za viwiko. Sufuria haina nongo, ina masizi. Meno yana ukoga, macho ya asubuhi yana tongo. Kola ya shati huchafuka kwa nongo ya shingo, lakini shati lenyewe tunasema limeshika taka. Siku hizi nasikia yote yakiitwa "uchafu", na inaniuma, maana aliyetaja ukoga ameshakuonyesha na pa kusugua.

Dhana: Nongo ni vumbi la barabarani, akaaye ndani hana.

Ukweli: Vumbi limo, lakini sehemu kubwa hutoka mwilini mwenyewe: ngozi iliyokufa, mafuta na jasho. Loweka mkono maji ya moto, kisha sugua kwa kidole gumba. Vitatoka vinyuzi vya kijivu kama vile vya ufutio vinavyobaki juu ya daftari. Hata biharusi aliyewekwa ndani, akisingwa, yaani akisuguliwa mwili kwa manukato ya singo na liwa, nongo humtoka.

Dhana: Nongo na nongwa ni neno moja.

Ukweli: Nongwa ni kinyongo, chuki ya kuwekeana. Hilo haliogwi.

Dhana: Shingo nyeusi ni nongo, mwenyewe haogi.

Ukweli: Hapa ndipo neno linapoumiza watu. Nilipokuwa darasa la nne, siku ya ukaguzi wa usafi, mwenzetu mmoja alitolewa mstarini akaambiwa akasugue shingo kwa mchanga. Alirudi shingo imechubuka, inatoa majimaji, na weusi uko palepale. Alikuwa anaoga kama sisi sote.

Kuna weusi ambao ni ngozi yenyewe: ngozi huwa nene kidogo, ukiigusa ni kama mahameli, nao hukaa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mara nyingi hutokea mwili unapokuwa hauitikii vizuri insulini, homoni inayoshughulikia sukari, hasa kwa mwenye uzito mkubwa. Huweza kutangulia kisukari cha aina ya 2. Wengine hurithi tu kwa wazazi.

Kutofautisha si kazi. Chovya pamba kwenye spiriti, pangusa taratibu. Pamba ikichafuka na ngozi ikang'aa, hiyo ilikuwa nongo. Pamba ikibaki nyeupe, weka chini dodoki na jiwe la kusugulia, maana kusugua huzidisha weusi. Mpeleke mtoto kituo cha afya, apimwe sukari na uzito, na daktari aitazame hiyo shingo. Na nyumbani msimwite mwenye nongo.